Binti wa Kuruman: Mary Livingstone na Ukoo wa Moffat

Wasomaji waliolisikia jina la David Livingstone kupitia habari za Ujiji, Kwihara au Bagamoyo huuliza mara kwa mara: je, yule mzee wa safari alikuwa na mke? Alikuwa naye. Aliitwa Mary. Alizaliwa Afrika, akazikwa Afrika, na alikuwa amekwisha kufariki miaka tisa kabla mwandishi wa habari Stanley, aliyekuja kumtafuta mumewe, hajakanyaga Ujiji mwaka 1871. Ndiyo maana hatajwi katika simulizi za upande wetu wa bara, na vitabu vya shule humchora mumewe kama mtu aliyetembea peke yake na wapagazi.

Jibu hilo huzaa swali la pili, nalo ndilo la sura hii: mwanamke huyo alitoka kwa nani, na waliomfuata wakawa nani? Majina ya ukoo wa Kizungu hufuata wanaume. Mtu akiyafuata hayo peke yake, atadhani kwamba Moffat, Livingstone, Fredoux, Price, Bruce na Wilson ni familia sita zisizojuana. Akiwafuata mabinti, atagundua kwamba ni nyumba moja, na kwamba nyumba hiyo iligusa nchi za leo za Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe, Zambia, Malawi, Msumbiji, na kwa muda mfupi hata Saadani na Mpwapwa.

Mmisionari, kwa maana ya sura hii, ni Mkristo aliyetumwa na kanisa au shirika kwenda nchi nyingine kuhubiri dini. Kituo cha misheni ni mahali alipokaa: nyumba, kanisa, shule, bustani, na mara nyingi karakana.

Kitalu cha Dukinfield

Ukoo huu unaanzia kwenye miche. Mwanzoni mwa karne ya 19, James Smith, Mskoti aliyehamia kaskazini mwa Uingereza, alikuwa na kitalu huko Dukinfield, karibu na Manchester. Binti yake, Mary Smith, alizaliwa mwaka 1795 na kusomeshwa katika shule ya Wamoravian huko Fairfield. Wamoravian ni Wakristo wa Kiprotestanti wenye asili ya Ulaya ya kati, ambao walipeleka wamisionari ng'ambo mapema kuliko Waprotestanti wengi. Binti aliyelelewa katika shule hiyo alizisikia habari za nchi za mbali tangu utotoni.

Kijana mmoja Mskoti, Robert Moffat, naye mzaliwa wa 1795, aliajiriwa katika kitalu hicho kama mtunza bustani. Mwaka huohuo wa 1795 ndipo lilipoanzishwa London Missionary Society, shirika la wamisionari lenye makao yake London. Robert aliomba kutumwa na shirika hilo. Alipompenda binti wa tajiri wake, wazazi hawakukubali binti yao apelekwe Afrika, na mwaka 1816 akasafiri bila mchumba.

Mary Smith alingoja zaidi ya miaka miwili mpaka wazazi waliporidhia. Alisafiri baharini bila ndugu yeyote kumfuata mwanamume ambaye kwa muda wote huo alimjua kwa barua tu, na barua zenyewe zilichukua miezi kufika. Walifunga ndoa Cape Town tarehe 27 Desemba 1819. Huyu ndiye mama wa Mary tunayemzungumzia. Kwa kuwa mama na binti wana jina moja, kuanzia hapa mama ataitwa Mary Moffat, na binti ataitwa Mary.

Kuruman

Mary alizaliwa Aprili 1821 huko Griquatown, mji mdogo wa Wagriqua, watu wenye asili mchanganyiko ya Wakhoikhoi na walowezi. Wazazi wake walikuwa wakisubiri kibali cha serikali ya koloni ili waende kuishi miongoni mwa Watswana. Miaka michache baadaye familia ilihamia Kuruman, penye chemchemi kubwa isiyokauka katika nchi kame. Kutoka Cape Town hadi huko, gari la kukokotwa na maksai lilitumia wiki nyingi njiani.

Ujuzi wa kitalu haukupotea. Robert Moffat alichimba mifereji kutoka kwenye chemchemi, akapanda miti ya matunda, mboga na ngano, na kituo kikawa bustani jangwani. Alijifunza Kitswana, akapata mashine ya kuchapa vitabu mwaka 1831, akatoa Agano Jipya kwa lugha hiyo mwaka 1840, na mwaka 1857 Biblia nzima. Kazi hiyo imeandikwa kwa jina lake pekee. Lakini nyuma ya mtu aliyekaa mezani na kalamu kwa miaka 30 lazima kulikuwa na mwingine aliyepika, aliyefua, aliyeuguza, aliyepokea wageni na aliyelea watoto. Mary Moffat alizaa watoto kumi, na baadhi yao aliwazika. Alijifunza kukandika sakafu kwa samadi ya ng'ombe kama majirani zake Watswana, na akakiri kwa maandishi kwamba kweli ilizuia vumbi na viroboto.

Binti yake mkubwa alikulia hapo. Kitswana kilikuwa lugha ya uani, ya yaya na ya watoto aliocheza nao. Kiingereza kilikuwa lugha ya mezani na ya sala. Alijua ugali wa mtama, kiu ya safari, na jinsi ya kulala ndani ya gari la maksai. Uingereza aliisikia tu.

Kusomeshwa mbali

Kuruman hapakuwa na shule ambayo wazazi hao waliiona inatosha kwa watoto wao wenyewe. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa jicho kali: waliwafundisha watoto wa wenzao papo hapo, wa kwao wakawapeleka mbali. Mary na mdogo wake Ann walipelekwa katika shule ya Wamethodisti huko Salem, karibu na Grahamstown, safari ya mamia ya kilomita. Walikaa huko muda mrefu bila kuwaona wazazi. Baadaye Mary alipata mafunzo ya ualimu wa watoto wadogo.

Mwaka 1839 familia nzima ilipanda meli kwenda Uingereza ili Robert asimamie uchapaji wa Agano Jipya. Mary Moffat alijifungua binti, Elizabeth, wakiwa wangali melini, na siku chache baadaye mwanawe James, mtoto mdogo, akafariki kwa surua. Uingereza Robert alipokelewa kwa shangwe na kuhutubia kumbi zilizofurika. Mmoja wa waliomsikiliza ni mwanafunzi wa udaktari, David Livingstone, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, Uskoti, tangu akiwa na miaka kumi. Mazungumzo hayo yalichangia kumwelekeza kusini mwa Afrika badala ya China. Kwa hiyo alimjua baba mkwe kabla ya kumjua mke, na alifika Kuruman Julai 1841 wakati wenyeji wake walikuwa bado ng'ambo.

Familia ya Moffat ilirejea Kuruman mwishoni mwa 1843. Mary alikuwa na miaka 22, mwalimu, msemaji wa lugha mbili, na mwenye uzoefu wa nchi uliomzidi kwa mbali yule daktari kijana.

Kwa ufupi: upande wa mama, Mary alitoka kwa wakulima wa miche wa Dukinfield, upande wa baba, kwa mtunza bustani wa Uskoti. Yeye mwenyewe, kwa lugha na mazoea, alikuwa mtu wa Kuruman.

Ndoa ya Januari 1845

Februari 1844 simba alimshambulia Livingstone huko Mabotsa na kumvunja mkono wa kushoto. Aliyesaidia kumwokoa ni Mebalwe, mwalimu Mtswana. Mgonjwa alikwenda Kuruman kuuguza jeraha, na huko akamposa Mary. Walioana Januari 1845.

Ndoa za wamisionari zilikuwa na hesabu yake. Shirika lilipendelea mtu mwenye mke, na mke aliyezaliwa katika kituo cha misheni alikuwa hazina: hakuhitaji kufundishwa lugha, hakushangazwa na maisha. Livingstone, katika barua zake kwa marafiki, alimweleza mchumba wake kwa maneno ya kawaida sana, yasiyo na mahaba. Wasomaji wa leo huyachukia maneno hayo. Hata hivyo barua alizomwandikia mwenyewe baadaye zina upole mwingi zaidi, na haifai kupima ndoa nzima kwa barua alizoandikiwa watu wengine.

Mtoto wao wa kwanza, Robert, alizaliwa mwaka 1846. Tangu hapo Watswana walimwita Mary Ma-Robert, yaani Mama Robert, kama vile ambavyo mama yeyote wa Pwani au bara huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baada ya Robert walifuata Agnes (1847), Thomas (1849), Elizabeth (1850), William Oswell (1851) na Anna Mary (1858).

Kazi isiyo na mshahara

Shirika lilimlipa mume. Mke hakuwa na cheo wala mshahara, ingawa kituo hakikuweza kwenda bila yeye. Wanandoa hao walihama kutoka Mabotsa kwenda Chonuane, na mwaka 1847 kwenda Kolobeng pamoja na Wakwena, kabila la Kitswana lililoongozwa na chifu Sechele. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, haya ndiyo yaliyokuwa mikononi mwa mkewe:

- kufundisha shule ya watoto wadogo, na ushonaji kwa wanawake;
- kuoka mkate kwa unga uliosagwa nyumbani;
- kutengeneza sabuni kwa majivu ya mimea, na mishumaa kwa mafuta ya wanyama;
- kukama, kusukasuka maziwa na kutoa siagi;
- kushona nguo za familia nzima;
- kuzaa na kulea, na safari ikitokea, kufungasha kila kitu kwenye gari.

Sechele alibatizwa Oktoba 1848. Ili abatizwe alilazimika kubaki na mke mmoja na kuwarudisha wengine kwao. Baadhi ya wanawake hao walikuwa wakihudhuria shule ya kituo, na kuondoka kwao kuliwatenga na misheni wao na jamaa zao. Hilo ni moja ya mambo ambayo vitabu vya sifa hulipita haraka. Ubatizo wa mtu mmoja uligharimu kituo wanafunzi na urafiki wa koo kadhaa, na mwalimu wa shule aliliona hilo kila siku darasani.

Safari za 1850 na 1851

Mwaka 1849 Livingstone alivuka jangwa la Kalahari na kufika Ziwa Ngami bila familia. Mwaka uliofuata aliwachukua Mary, aliyekuwa mjamzito, na watoto watatu. Ziwani watoto walishikwa na homa, yaani malaria, ikabidi warudi. Nyumbani Kolobeng Mary alijifungua Elizabeth. Mtoto aliishi wiki chache tu, na mama akapooza upande mmoja wa uso kwa muda.

Mary Moffat alipopata habari kwamba mwaka 1851 mkwewe anapanga kumchukua binti yake tena, naye mjamzito tena, alimwandikia barua kali. Alimkumbusha mtoto aliyekufa, akamuuliza kama haoni aibu kumzungusha mwanamke mwenye hali hiyo nyikani. Mama huyo hakuwa mpinzani wa misheni. Alikuwa amezeeka ndani yake. Ndiyo maana barua yake ina uzito. Livingstone hakubadili mpango.

Katika safari hiyo maji yaliisha siku kadhaa, yakabaki kidogo tu ya kuwapa watoto. Livingstone aliandika baadaye kwamba mkewe hakumlaumu kwa neno, ila macho yake yalikuwa na machozi. Walifika kwa Sebitwane, mtawala wa Wakololo, na katika kurudi, Septemba 1851, William Oswell alizaliwa kando ya mto. Alipewa jina la mwindaji Mwingereza, William Cotton Oswell, aliyesafiri nao. Oswell ndiye aliyetangulia kuchimba visima mbele ya magari, na baadaye akawanunulia nguo Cape Town, kwa kuwa walifika wakiwa wamechakaa kabisa.

Hofu ya mama mkwe haikuwa ya bure. Julai 1844, Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifia Mombasa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Mwaka 1860, Anne Helmore na Isabella Price walikufa kwa homa katika msafara wa wamisionari uliopelekwa kwa Wakololo, walikokwenda kwa sababu ya ripoti za Livingstone. Wake na watoto ndio waliolipa sehemu kubwa ya gharama za mipango ya aina hiyo.

Mgeni nchini Uingereza

Aprili 1852 Mary na watoto wanne walipanda meli Cape Town kwenda Uingereza. Mume alisema angewafuata baada ya miaka miwili. Ilichukua zaidi ya minne na nusu, kwa kuwa alikwenda Luanda, akarudi, akavuka bara hadi Quelimane, pwani ya Msumbiji. Miezi michache baada ya wao kuondoka, Makaburu waliwavamia Wakwena na nyumba ya Kolobeng ikaharibiwa. Hapakuwa tena na pa kurudi.

Mary alikwenda kwanza Hamilton, Uskoti, kwa wazazi wa mumewe. Hawakupatana. Baba mkwe, Neil Livingstone, alifikia kuliandikia shirika barua ya kulalamika juu yake. Akahama na watoto kutoka nyumba moja ya kupanga hadi nyingine, akiomba shirika fedha za matumizi. Barua kutoka kwa mume zilikuja kwa nadra. Katika miaka hiyo alianza kunywa pombe na imani yake ikatetereka.

Waandishi wa zamani waliona haya kulieleza hilo, na baadhi ya wapya hulieleza kana kwamba ni tabia tu. Mazingira yake yanatosha kulifafanua. Mtu aliyezaliwa na kukulia katika nchi yenye jua, ambako kila mtu alimwita kwa jina la mwanawe, aliwekwa katika chumba cha kupanga kwenye baridi, bila jamaa wa kwao, bila kazi aliyoijua na bila fedha. Wazazi wake walikuwa Kuruman.

Livingstone alirejea Desemba 1856 akiwa shujaa wa taifa. Kitabu chake cha 1857 kiliuzwa kwa wingi, akaacha kazi ya shirika, na serikali ikamfanya konseli na kiongozi wa msafara wa Mto Zambezi. Mary alisimama kando yake katika karamu za kuwaaga.

Shupanga

Machi 1858 waliondoka pamoja kwa meli, wakiwa na William Oswell. Watoto wakubwa watatu wakabaki Uingereza. Njiani ikabainika kwamba Mary ni mjamzito. Alishuka Cape Town na kwenda kwa wazazi wake. Anna Mary alizaliwa Kuruman Novemba 1858, na karibu mwaka mzima ulipita kabla baba yake hajapata habari. Wakati huohuo chombo cha msafara, kilichoitwa Ma Robert kwa heshima ya mkewe, kilikuwa kikipanda na kushuka Zambezi kikivuja na kula kuni kupita kiasi. Kilizama mwishoni mwa 1860.

Mary alirudi Uskoti kuwaangalia watoto, kisha akaamua kumfuata mume. Aliwasili mdomo wa Zambezi mwanzoni mwa 1862 katika meli moja na James Stewart, mmisionari kijana wa Uskoti, pamoja na wanawake waliokuwa wakienda kwa askofu Charles Mackenzie. Mackenzie aliongoza misheni ya vyuo vikuu, maarufu kama UMCA, iliyoweka kituo Magomero katika Malawi ya leo. Askofu alikuwa amekwisha kufa wanawake hao walipofika. Misheni yake iliondoka huko na mwaka 1864 ikahamia Zanzibar, ambako ilijenga kanisa kuu penye soko la zamani la watumwa Mkunazini. Jina la Magomero litarudi tena katika ukoo huu.

Homa ilimkuta Mary baada ya miezi mitatu. Alifariki katika nyumba ya Wareno ya Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862, akiwa na miaka 41. Stewart aliongoza ibada ya maziko, na kaburi likachimbwa chini ya mbuyu.

Kwa ufupi: katika miaka 17 ya ndoa, Mary alizaa watoto sita, akamzika mmoja, na aliishi mbali na mumewe kwa karibu nusu ya muda huo.

Dada na kaka

Wadogo zake wanaonyesha jinsi misheni ilivyoendeshwa kwa undugu. Ann aliolewa na Jean Fredoux, mmisionari Mfaransa, aliyeuawa kwa mlipuko wa baruti mwaka 1866. Helen aliolewa Uingereza akabaki huko. Jane hakuolewa; alifundisha Kuruman na kuwatunza wazazi. Wazee hao waliondoka Afrika mwaka 1870. Mary Moffat alifariki mwaka uliofuata, na Robert aliishi hadi 1883. Mwaka 1874 alikuwamo Westminster Abbey wakati mwili wa mkwewe, uliobebwa na wasaidizi wake, akina Susi na Chuma, hadi Bagamoyo, ulipozikwa.

Elizabeth, yule aliyezaliwa melini na aliyeitwa Bessie, aliolewa mwaka 1861 na Roger Price, mgane wa Isabella aliyetajwa hapo juu. Walizaa watoto 14 na kufanya kazi miaka mingi kwa Wakwena wa Sechele, watu walewale wa dada yake. Price ndiye kiungo cha ukoo huu na Tanzania. Mwaka 1876 shirika la London lilimtuma Zanzibar kutafuta njia ya kufika Ziwa Tanganyika. Akiwa na uzoefu wa kusini, alijaribu maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona inawezekana. Msafara wa mwaka uliofuata ulikuta mambo mengine: mbung'o waliwaua maksai, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, na wenzake wakafika Ujiji mwaka 1878 yeye akiwa amerudi Uingereza. Bessie aliacha shajara, yaani daftari za kumbukumbu za kila siku, ambazo zilichapishwa mwaka 1956, na ndizo zinazoonyesha maisha ya ndani ya nyumba hizi kuliko ripoti zote za waume.

Kaka yao, John Smith Moffat, alianza kama mmisionari wa Wandebele huko Inyati mwaka 1859, akawa mtumishi wa serikali. Februari 1888 alimshawishi Lobengula, mfalme wa Wandebele, kusaini mkataba uliomfungia asifanye mapatano na dola nyingine bila idhini ya Waingereza. Lobengula alimwamini kwa sababu ya urafiki kati ya Robert Moffat na baba yake, Mzilikazi. Urafiki wa kizazi kimoja ukawa mlango wa ukoloni katika kizazi cha pili. John mwenyewe baadaye aligombana na watu wa Cecil Rhodes kwa jinsi walivyowatendea Waafrika, lakini mkataba ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake.

Watoto na wajukuu

Robert, mtoto wa kwanza, alikwenda kusini mwa Afrika kumtafuta baba bila kumpata. Akaishia Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa jina la uongo, Rupert Vincent, akatekwa na kufia katika kambi ya wafungwa huko Salisbury, North Carolina, mwaka 1864. Thomas alifia Misri mwaka 1876. William Oswell akawa daktari. Anna Mary alimwona baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1864, akiwa na miaka mitano.

Agnes ndiye aliyepokea barua nyingi za baba yake miaka ya mwisho. Mwaka 1875 aliolewa na Alexander Low Bruce, mwenye kiwanda cha bia Edinburgh. Bruce alijipatia zaidi ya ekari 160,000 Magomero, palepale alipokuwa Mackenzie, na baada ya kifo chake mwaka 1893 mashamba yakawa ya watoto wa Agnes. Wakulima waliokaa humo walilazimishwa thangata, kufanya kazi kwa mwenye shamba kama malipo ya kuishi kwenye ardhi. Meneja, William Jervis Livingstone, aliyefanana jina na ukoo bila kuwa wa nyumba hiyo, alichoma makanisa ya wafuasi wa mchungaji John Chilembwe. Januari 1915 watu wa Chilembwe walimuua. Maasi hayo yalizimwa kwa siku chache, na Chilembwe leo ni shujaa wa taifa la Malawi. Mashamba yaliyomilikiwa na wajukuu wa Mary yakawa chanzo cha moja ya maasi ya mwanzo dhidi ya Waingereza Afrika ya Kati.

Tawi la John Smith Moffat nalo liligawanyika. Mwanawe Howard Unwin Moffat alikuwa waziri mkuu wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kuanzia 1927 hadi 1933, na sheria ya 1930 iliyotenga ardhi ya Wazungu na ya Waafrika ilipitishwa chini yake. Mwana mwingine, Malcolm, aliongoza misheni ya Chitambo katika Zambia ya leo, eneo ambako Livingstone alifia. Hospitalini hapo alihudumu pia Hubert Wilson, daktari, mwana wa Anna Mary. Kwa hiyo huko Chitambo mzao mmoja wa kitalu cha Dukinfield alifanya kazi na mwenzake. Mwana wa Malcolm, Sir John Moffat, aliingia siasa za Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na mwaka 1954 alipitisha katika baraza la kutunga sheria maazimio ya kutaka ubaguzi uondolewe hatua kwa hatua. Wakati huo wananchi walikuwa wanataka zaidi ya hatua kwa hatua. Katika uchaguzi wa Oktoba 1962 chama chake hakikupata hata kiti kimoja, na serikali ikaundwa na vyama vya Kenneth Kaunda na Harry Nkumbula.